Kitufe cha Nne

4 Machi

Dada,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na kwamba ngazi za kwako zimeacha kukutesa. Huku hatujambo. Wifi yako amepona mafua, ila sauti haijarudi yote. Mimi nasema asiiharakishe, lakini hilo lisimfikie. Binti wetu wa mwisho ameng'oka meno mawili ya mbele, sasa akiongea ni kama filimbi, na anakusalimia sana shangazi yake.

Mpwa wangu kanipigia simu. Anasema una rimoti tatu mezani, ya runinga, ya king'amuzi na ya deki, na kwamba ulikaa siku mbili bila picha ukidhani runinga imekufa, kumbe ulizima king'amuzi. Dada, ungeniandikia! Mimi ni fundi wa nani kama si wako?

Kwenye kifurushi hiki utakuta rimoti moja ya vyote. Nimeshaitia betri. Juu kabisa ina vitufe vinne vya rangi. Cha kwanza ni cha runinga, cha pili king'amuzi, cha tatu deki. Shika kitufe cha kwanza pamoja na kile kilichoandikwa SET mpaka taa nyekundu iwake bila kupepesa. Halafu andika namba nne kutoka kwenye kijitabu, kulingana na kampuni ya kifaa chako. Namba ikikubaliwa, taa itapepesa mara mbili na kuzima. Zikikataa zote, elekeza rimoti kwenye runinga na ubonyeze kitufe cha kuwashia, polepole, moja moja. Kila ukibonyeza inajaribu namba nyingine. Runinga ikizimika tu, acha hapo hapo, bonyeza SET ihifadhi. Ukipitiliza, umeanza upya.

Kitufe cha nne ni cha kifaa cha ziada. Wewe huna kifaa cha nne, achana nacho.

Mdogo wako,
Waya

19 Machi

Waya mdogo wangu,

Marahaba. Goti ni lile lile, limezeeka nami. Mpwa wako wiki hii yuko zamu ya asubuhi hospitalini, ananiletea mboga akipita na kunisemea kwa midomo mikubwa kama samaki, anadhani ndiyo nitamwelewa zaidi. Masikio yangu sasa yamefunga kabisa. Mwanzoni mwa mwaka nilikuwa bado nahisi mlango ukibamizwa. Sasa hata huo hapana. Usinionee huruma. Nina maandishi chini ya picha, nina macho, na nina vidole vilivyopiga chapa miaka thelathini na moja. Ndiyo maana nakuandikia barua. Ujumbe wa simu una herufi kama sisimizi.

Rimoti yako ni shetani mdogo, lakini tumeelewana. Runinga ilikataa namba nane, ikakubali ya tisa. King'amuzi kilikubali mara moja, kama mtu mwenye njaa. Deki ilinisumbua hadi nikabonyeza moja moja ulivyosema, na mara ya kwanza nikapitiliza, nikaanza upya, na nikakutaja kwa jina ambalo mama alitukataza.

Mume wangu, yule mpima ardhi wangu, angekuwepo, angekaa na kile kijitabu siku nzima, miwani puani. Lakini ndiyo hivyo. Aliyejiondoa kwa ukaidi wake hawezi kuniwekea rimoti.

Sasa, kitufe cha nne. Ulisema niachane nacho, nawe unanijua. Jumapili tarehe 15, saa kumi alasiri, nilikishika pamoja na SET, nikaielekeza rimoti ukutani tu, nikaanza kubonyeza. Nilihesabu mara sitini na mbili. Ya sitini na mbili, taa ikapepesa mara mbili na kuzima, kabla sijahifadhi. Nikazunguka nyumba nzima. Hakuna kilichowaka. Pasi iko baridi, feni imesimama.

Tangu hapo kila siku saa kumi, kabla ya mchezo wangu wa runinga kuanza, nabonyeza mara moja. Ni kama kugonga mlango wa jirani aliyehama. Niambie wewe fundi, kimekubaliwa na nini?

Dada yako

11 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kuchelewa, kazi zilinibana. Sote wazima. Nimehamisha meza yangu ya kazi, sasa nakaa mlangoni. Hewa ni nzuri zaidi.

Kuhusu kile kitufe, ni hitilafu ndogo ya rimoti, zinatokea. Usikibonyeze tena, kinamaliza betri. Kinachotoka kwenye rimoti ni mwanga tu usioonekana kwa macho, hauwezi kupita hata ukuta wa chumba chako. Kwa hiyo hakuna kitu.

Ila nataka kujua. Ni kila siku? Na ni saa kumi kamili?

Waya

20 Aprili

Waya,

Marahaba. Hukuniambia hata kama mtoto meno yameota. Umeandika mistari michache, na ndani yake umeniambia mambo mawili yanayogombana. Kama hakuna kitu, saa ya nini? Wewe hujui kudanganya tangu ulipokuwa unaficha maandazi kwenye soksi.

Ndiyo, kila siku, saa kumi kamili. Isipokuwa siku tano, tarehe 2 hadi 6 Aprili, nilikwenda kukaa kwa mwanangu akiwa na homa, na rimoti ilibaki nyumbani.

Kuna jambo sikukuandikia mara ya kwanza, niliona utasema uzee. Nikibonyeza, taa ya rimoti haizimi. Inabaki imewaka dakika tatu, nne, hata nikiwa nimetoa kidole. Na ndani ya kiganja inatetemeka. Siyo mtetemo wa mashine, mashine hutetemeka sawasawa. Huu unaanza, unasita, unaendelea, unakata pumzi. Unakumbuka nilipoanza kupoteza masikio, daktari alinifundisha kuweka mkono kooni kwa mtu ili nijue anaongea? Ndivyo ilivyo. Nimeshika koo la mtu.

Ukurasa wa mwisho wa kijitabu unaeleza jinsi ya kuiuliza rimoti namba iliyohifadhi. Inakujibu kwa kupepesa. Nilihesabu mbili, saba, moja, nne. Nikaitafuta kwenye orodha. Ni kampuni moja tu yenye namba hiyo, na jina lake nililipangusa vumbi kwa kitambaa miaka kumi na minne, herufi za rangi ya fedha juu ya redio kaseti ya marehemu mume wangu.

Siku ya tatu baada ya mazishi uliniambia redio ile imeungua ndani na umeitupa.

Waya, redio iko wapi?

Dada yako

9 Mei

Waya,

Hujajibu. Posta wanasema barua yangu ilifika. Mwanangu anasema ukipigiwa simu unasema uko juu ya paa la mteja. Ni paa gani hilo la wiki tatu?

Nimekuuliza swali moja. Bado nabonyeza.

Dada yako

27 Mei

Dada,

Shikamoo. Watoto wazima, wifi yako mzima. Mimi sina usingizi mzuri, lakini hilo nimejitakia.

Redio iko hapa kwangu. Iko karakana, rafu ya juu, katikati ya redio zilizokufa. Haikuungua. Niliichukua na kaseti iliyokuwa ndani yake.

Acha nikueleze kwa mpangilio, nikiruka nitashindwa.

Tarehe 15 Machi, ile Jumapili, nilikuja karakana kumalizia kazi ya mtu. Sina kawaida ya kufungua Jumapili, kwa hiyo palikuwa kimya. Saa kumi ilipofika, taa ya kijani ikawaka kwenye rafu. Nikadhani ni jua kwenye kioo. Halafu nikasikia kaseti ikianza kuzunguka, kisha sauti ya shemeji. Dada, redio ile haina waya wa umeme. Niliukata mwaka juzi nikautia kwenye feni ya kanisa. Betri haijawahi kuwa nayo. Nilipanda kwenye stuli nikaishika, ilikuwa ya moto kama mtu mwenye homa.

Kesho yake saa kumi, tena. Siku ya tatu niliitoa kaseti, nikaifunga kwenye kitambaa, nikaifungia kwenye droo. Siku ya nne redio ikawaka bila kaseti. Vile vigurudumu vilizunguka vitupu. Nikasikia pumzi, ile pumzi yake ya mbavu zilizovunjika, inayokatika katikati. Halafu akasema, "Waya. Umemwambia?"

Ni hivyo tu. Tangu hapo kila siku ni hivyo hivyo, na zile siku tano ulizokuwa kwa mwanao, kimya. Barua yako iliponitajia tarehe hizo nilikaa chini kwenye sakafu. Sauti yake haina hasira. Ingekuwa na hasira ningeizoea. Anauliza kama mtu anayeuliza kama mvua imenyesha huko ulikotoka. Wateja wameanza kutokuja jioni. Fundi viatu wa jirani ameniuliza ni mgonjwa gani ninayemlaza karakana.

Sasa kilicho kwenye kaseti. Aliirekodi wiki yake ya mwisho, pale kitandani, wewe ukiwa kazini. Mimi ndiye niliyemshikia redio kifuani. Aliniambia, "Nikishaenda, mpe dada yako." Nikasema ndiyo. Nakuandikia neno kwa neno, nimeisikiliza mara nyingi kiasi cha kutosha:

"Mke wangu, nakusemea humu kwa sababu usoni kwako nashindwa. Alfajiri ile ya ajali sikuwa naendesha mimi. Uliniambia nisishike usukani nikitoka kazini nimechoka, na sikushika. Nililala kiti cha pembeni. Aliyeendesha ni Waya, naye usingizi ukamchukua. Nilipozinduka nilimwambia ahame upande, niseme ni mimi niliyeendesha. Ana watoto wadogo, na mimi nilishajijua kwamba siponi. Usimkasirikie sana. Mkasirikie kidogo. Ila mimi usinikasirikie tena, naomba. Nilikutii."

Basi. Niliisikiliza siku ya mazishi, nikiwa nimejifungia chooni kwako, nikatoka, nikakuta wanaume wote waliokuja wakinishika mkono na kuniambia pole. Nikasema nitakupa kesho. Miaka minne imekuwa kesho. Halafu masikio yako yakafunga, na Mungu anisamehe, nilishusha pumzi.

Sikuombi chochote. Nimesema.

Waya

15 Juni

Waya,

Barua yako ilinifikia tarehe 3. Nimeichukua nikaiweka chini ya mto, nikaitoa, nikaisoma tena. Mwanangu ameniuliza nina nini, nimemwambia goti.

Wewe umesema lako. Na mimi nitasema ambalo sijamwambia mtu.

Alilala pale kitandani wiki saba. Wiki saba zote nilimwosha, nilimlisha, nilimgeuza, na sikumpa neno moja zuri. Nilikuwa naweka sahani na kuondoka. Siku moja alinishika kanga nikae, nikamwambia, "Nilikuomba kitu kimoja tu maishani. Kimoja. Usiendeshe ukiwa umechoka. Umejiua mwenyewe, usinitazame kama ninayeweza kukusaidia." Akasema, "Ni kweli." Alinijibu hivyo, Waya. Ni kweli. Na ndilo neno lake la mwisho ninalolikumbuka kwa masikio, maana baada ya hapo hatukuongea tena hadi alipokata roho, na masikio yenyewe yakaanza kwenda mwaka ule ule.

Kaburini sikulia. Watu walinisifu kwamba nina moyo mgumu. Miaka minne nimepita pale makaburini kwenda sokoni, nageuza uso upande wa pili.

Wewe sijui nikufanye nini. Nikikuandikia leo nitaandika kitu ambacho hakifutiki, kwa hiyo nakuacha.

Lakini ninalo la kufanya. Jumapili tarehe 28, saa kumi kamili, nitabonyeza kile kitufe, nami nitaongea. Sauti yangu siisikii lakini ninayo. Sijui kama rimoti inabeba maneno. Kidole changu imekibeba mwendo wa siku mbili kwa basi, labda na maneno itayabeba. Utasimama pale kwenye redio na kalamu. Akijibu, uandike kila neno. Usipunguze la kukuumiza wala usiongeze la kunifariji.

Hadi siku hiyo sibonyezi.

Dada yako

6 Julai

Dada,

Shikamoo. Natumaini uko salama. Nimesubiri wiki nzima ndipo nikaweza kukuandikia. Wifi yako nimemweleza yote. Aliinuka, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi. Bado ananipikia. Zaidi ya hapo sijui.

Jumapili nilifunga karakana kwa ndani. Nilishusha redio kutoka kwenye rafu nikaiweka mezani, juu ya kitambaa. Nilikuwa na daftari jipya na kalamu mbili. Saa kumi kamili taa ya kijani ikawaka.

Kwanza ulikohoa. Kile kikohozi chako kidogo cha kabla ya kuanza jambo zito, ningekijua popote. Halafu ukaongea. Dada, siku hizi unaongea kwa sauti ya juu iliyonyooka, sisi tumeshaizoea. Hii haikuwa hiyo. Ilikuwa sauti yako ya zamani, ya chini, ile uliyokuwa ukitubembelezea nayo mama akichelewa. Ukasema, "Nimekuja."

Naye akasema, "Kaa basi. Mbona umesimama?"

Nikasikia kiti kikivutwa. Hapa kwangu hakuna kiti kilichosogea, nilitazama.

Ukasema, "Waya ameniambia." Akasema, "Najua. Ndiyo maana mbavu haziniumi leo." Kweli, pumzi yake ilikuwa nzima, haikukatika.

Niliandika hadi hapo. Halafu ulianza kumwambia jambo, na nikasikia umeanza kulia, nikaona kalamu yangu haina haki ya kuwa pale. Ulisema niandike kila neno. Sikuweza. Niliweka kalamu chini, nikafungua mlango, nikatoka nikaufunga nyuma yangu, nikakaa kwenye kizingiti. Fundi viatu alinitazama, akaniletea kiti, hakuuliza. Kupitia mlango nilisikia sauti zenu mbili, maneno siyo, sauti tu, zinapokezana. Saa nzima. Mara moja ulicheka.

Saa kumi na moja nilipoingia, taa ilikuwa imezimika. Redio ilikuwa ya baridi. Haijawaka tena hadi leo.

Najua nimevunja agizo lako. Lakini yeye mwenyewe umemsikia, au umemhisi mkononi, na uliyomwambia unayajua. Hilo ndilo kubwa. Mimi niko hapa nangoja utakaloamua.

Waya

14 Julai

Waya mdogo wangu,

Nimesoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena.

Sikubonyeza.

Jumamosi, siku moja kabla, woga ulinishika. Sitaki kukuficha, mimi ambaye nilikuandikia kwa ukali ule. Niliwaza, na kama akisema hanisamehi? Nilitoa betri zote mbili kwenye rimoti, nikazifunga kwenye kabati, na ufunguo nikamwachia mke wa mlinzi ghorofa ya chini. Jumapili mchana nilikwenda kwa mwanangu. Saa kumi tulikuwa uani tunakunja mashuka, yeye ameshika pembe mbili na mimi mbili, tunakutana katikati na kurudi nyuma. Nilitazama saa yake mkononi, ndiyo maana najua. Sikufungua mdomo wangu hata mara moja. Nimemuuliza jana, amesema hivyo hivyo. "Mama, ulikuwa kimya mpaka nikaogopa."

Sasa nisikilize. "Nimekuja" ndilo neno nililokuwa nimelipanga kuanzia. Nililichagua siku nyingi kabla, nikiwa jikoni peke yangu. Sikulitamka, sikuliandika popote, sikumwambia kiumbe. Nilikuwa nimeyapanga na mengine baada yake. Kama yule aliyekaa kwenye kile kiti aliyasema yote niliyoyapanga, basi mume wangu ameombwa msamaha kwa maneno yangu mwenyewe, na mimi sikuwepo.

Sijui niogope au nishukuru. Leo asubuhi nilikwenda makaburini. Sikugeuza uso. Nilikaa pale nikalia mpaka mfagiaji akaniletea maji. Nikamwambia mume wangu mambo yote upya, kwa sauti yangu hii ninayoambiwa imenyooka, iwapo yule mwingine alisahau chochote.

Sikulaumu kwa kutoka nje. Ningekuwa mimi ningetoka.

Kwa hilo jingine, la alfajiri ile na miaka minne, njoo. Usilimalize kwa barua. Panda basi uje na kaseti, hata kama siwezi kuisikia ni yangu. Utakaa mbele yangu mchana, upande wa dirisha, uniambie kwa mdomo wako taratibu nikikutazama midomo, tangu mlipoingia kwenye gari. Nitakavyokuwa nitakapomaliza kukutazama sijui, na sikuahidi kitu. Lakini wewe ndiye mdogo wangu niliyebaki naye, na chumba cha nyuma nimekitandika.

Mlango nitauacha bila komeo kuanzia Ijumaa. Ukifika usigonge, sitasikia. Ingia tu.

Dada yako